Hita ya maji ya lita ngapi inatosha nyumba yako? Tupige hesabu kabla ya kwenda dukani

Fundi_Uyole:
Wakuu, habari za baridi. Kwa sisi wa Nyanda za Juu Kusini huu ndio msimu wa simu kulia. Kila ifikapo Juni naulizwa swali lilelile: "Fundi, sisi tuko sita, tununue ya lita ngapi?" Ukienda dukani, muuzaji anakujibu kwa kupima mfuko wako. Una hela, chukua ya mia. Hela inasumbua, chukua ya thelathini. Idadi ya watu ni nusu tu ya hesabu. Nusu iliyobaki ni haya: maji yanayoingia kwenye tangi yana baridi kiasi gani, na ni wangapi wanaogombea bafu ndani ya saa moja.

Tuanze na baridi. Maji ya kuoga yanayomridhisha mtu mzima ni ya nyuzi 40 hivi. Hita ya tangi inapasha hadi nyuzi 60, halafu unachanganya na ya baridi. Dar, tukichukulia maji ya bomba yana nyuzi 27, ndoo ya lita 20 inataka lita 8 tu kutoka kwenye hita. Hapa Uyole, Mbeya, mwezi wa saba, maji yakija na nyuzi 16, ndoo hiyohiyo inakula lita 11. Makete yakishuka hadi 12, unakaribia lita 12 za moto kwa ndoo moja. Kwa hiyo tangi la shemeji yako wa Dar lisikudanganye. Kwake linatosha, kwako litaisha katikati ya povu.

Sasa saa ya kukimbizana. Chukua nyumba ya watu sita: baba, mama, watoto watatu na dada wa kazi. Watoto wawili wakubwa wanapitiwa na gari la shule saa kumi na mbili kasorobo, wazazi wanatoka muda si mrefu baadaye. Mdogo na dada wanaoga baadaye kwa nafasi yao, hawa hawakuumizi kichwa. Unaowapigia hesabu ni wale wanne wa alfajiri.

Wakioga kwa ndoo, wanne mara lita 11 ni lita 44 za moto. Wakioga kwa bomba la mvua habari inabadilika. Bomba la kawaida linamwaga lita 7 hivi kwa dakika, mtu akikaa dakika sita ametumia lita 42, na kati ya hizo 23 zimetoka kwenye hita. Wanne wamekula lita 92. Watu walewale, nyumba ileile, mahitaji yamezidi mara mbili. Ndiyo maana mimi nikifika kwa mteja sianzi kuuliza mko wangapi, naanza kuchungulia bafuni.

Halafu kuna jambo ambalo halijaandikwa kwenye boksi: tangi la lita 50 halikupi lita 50 za moto. Yakitoka ya moto juu, ya baridi yanaingia chini, na mwishoni yanachanganyika. Hesabu asilimia 80, yaani lita 40 za uhakika. Lakini elementi, kile chuma cha umeme kinachopasha maji ndani ya tangi, nayo haijalala. Kupandisha lita moja kutoka nyuzi 16 hadi 60 kunakula wati-saa 51, kwa hiyo elementi ya wati 1,500 inarudisha kama lita 29 ndani ya saa moja, na ya wati 2,000 inarudisha 39. Jumlisha: tangi la 50 lenye wati 1,500 linakupa lita 69 kwa saa ile ya alfajiri, la 80 lenye wati 2,000 linakupa 103.

Rudi kwa familia yetu. Wa ndoo, lita 50 inawatosha na chenji inabaki. Wa bomba la mvua, lita 50 itamfanya wa nne apige kelele, wachukue 80. Ya lita 100 hawaihitaji, labda nyumba iwe na bafu mbili zinazofunguliwa kwa pamoja au mgeni asiyejua kufunga bomba. (Wapo. Kila ukoo una mmoja.)

Maswali yaje.

Mwana_Tabata:
Fundi uzi mzuri, nimeweka kambi. Mimi niko Dar, nyumba ya vyumba vitatu, kimoja masta. Fundi wangu kaniambia nifunge tangi la lita 100 juu ya dari lihudumie bafu zote mbili. Tuko watu wanne. Imekaaje?

Fundi_Uyole:
Mkuu, kwa Dar hiyo ni kujitafutia mzigo. Simtanki lako linashinda juani, jioni maji yanatoka vuguvugu hata kabla hujawasha kitu. Unachotaka ni kuyaongezea nyuzi 13 tu. Hita ya papo kwa papo, ile isiyo na tangi inayopasha maji yakiwa yanapita, ya kilowati 3.5 itakupa karibu lita 4 kwa dakika, ya 5.5 itakupa lita 6. Kwa Dar hiyo ni bafu safi. Weka moja masta, bafu la watoto liache lilivyo mpaka wadai.

Ukitaka tangi kwa sababu ya umeme kukatika, hilo naliunga mkono, maana lililofunikwa vizuri linatunza joto hadi kesho yake. Lakini 30 au 50 inatosha. Na usiliweke mbali. Bomba la plastiki la PPR la milimita 20 lenye urefu wa mita 15 limebeba karibu lita mbili ndani yake, na hizo unazimwaga zikiwa baridi kila ukifungua.

Kamwene_Makete:
Afadhali umegusia hizo za papo kwa papo. Nilinunua ya 5.5 mwaka jana Mbeya mjini, muuzaji akaapa kwamba ndiyo mwisho wa mambo. Nimefunga huku nyumbani, inatoa vuguvugu. Nikipunguza maji yapate moto, inadondosha kama mkojo wa mtoto. Fundi wa hapa anasema ni mbovu, muuzaji anasema niliifunga vibaya. Nani mwongo?

Fundi_Uyole:
Hakuna mwongo hapo mkuu, hita yako ni nzima. Kilowati moja inapandisha lita moja kwa dakika nyuzi 14 hivi. Maji yenu yakiwa 12 unataka kuyapandisha nyuzi 28, kwa hiyo kilowati 5.5 inakupa lita 2.8 kwa dakika. Hapo ni umeme ukiwa umekamilika, volti 230.

Sasa pima soketi yako saa moja jioni. Nyumba nyingi zilizo mwisho wa laini zinapata 180. Nguvu ya elementi haishuki sambamba na volti, inashuka kwa kipeo cha pili. Volti 180 ni kama asilimia 78 ya 230, lakini nguvu inabaki asilimia 61 tu. Hita yako ya 5.5 imegeuka 3.4 na maji ya moto ni lita 1.7 kwa dakika. Ndoo moja inajaa kwa dakika 12.

Ndiyo maana huku milimani nasema tangi. Volti ikishuka tangi linachelewa, ila linafika. Liwashe saa tisa usiku kwa kipima-muda, umeme unapokuwa na nguvu kwa sababu wengi wamelala, na alfajiri unakuta 60 imetulia. Hiyo ya 5.5 muuzie mtu wa Kyela.

Kamwene_Makete:
Hahaha, Kyela kuna joto wataniuliza ya nini. Nimepima muda huu, 187.

MamaWatatu_Njombe:
Fundi mimi ninaogopa LUKU, umeme huu wa kulipia kabla. Mume wangu anasema tangi la 80 litakula umeme kuliko la 50 hivyo tuchukue la 50 au hata 30. Na tuko kwenye ile bei nafuu ya wasiozidi uniti 75 kwa mwezi.

Fundi_Uyole:
Dada yangu, hapa nitakaa kidogo kwa sababu hili ndilo linalowapotosha wengi.

Ukubwa wa tangi wenyewe hauli umeme. Kinachokula ni maji ya moto mnayoyamwaga. Lita 66 za moto kwa siku zitakula umeme uleule ziwe zimetoka kwenye tangi la 50 au la 80. Tofauti iko kwenye joto linalopotea tangi likiwa limekaa tu, na hiyo kwa tangi zuri ni kama uniti moja (yaani wati-saa 1,000) kwa siku au kuzidi kidogo. Kati ya 50 na 80 hata hutaiona kwenye risiti. Mwambie shemeji yangu hivyo, kwa heshima.

Chukua ile familia ya watu sita, baridi ya Julai. Wote wakioga ndoo moja kwa siku, ni lita 66 za moto, uniti 3.4. Ongeza moja ya upotevu, 4.4 kwa siku, 132 kwa mwezi. Kwa bei ya kawaida, ile elfu kumi inayokupa uniti 28 hivi, ni kama elfu 47. Wakioga wote bomba la mvua dakika sita, inafika uniti 8 kwa siku, 240 kwa mwezi, elfu 85. Umeona pesa ilipo? Iko kwenye bomba la mvua na dakika, wala haiko kwenye 50 dhidi ya 80.

La uniti 75 ndilo la kufikiria kweli. Hita yoyote ya familia, hata ya lita 30, itakuvusha huo mstari. Ukivuka, uniti za ziada zinakatwa bei ya juu, na ukizoea kuvuka unahamishiwa kundi la kawaida, hapo hata taa na friji vinalipiwa bei mpya. Mtu anayetumia uniti 60 leo kwa elfu saba na kitu, akiweka hita na nyumba ya watu sita ikaoga kwa ndoo, atajikuta kwenye elfu 68 hivi. Hiyo hesabu ifanyike mezani, wewe na baba watoto, kabla ya kushika tangi la aina yoyote.

Sufuria_Milele:
Mnajitesa bure. Jiko la mkaa, sufuria kubwa, mtu anapewa lita zake tano anachanganya, amekwenda. Watoto wetu wamekua hivyo na wamesoma.

MamaWatatu_Njombe:
@Sufuria_Milele na anayeamka saa kumi usiku kuwasha hilo jiko ni nani kaka? Wewe?

Sufuria_Milele:
😅 Naondoka kwenye uzi huu taratibu.

Limuru_Baridi:
Salamu kutoka Kenya. Huku Limuru baridi tunaijua. Kanuni zetu za mwaka 2012 kuhusu kupasha maji kwa jua zilikuwa na jedwali, na nyumba ya kuishi iliwekewa lita 30 za maji ya nyuzi 60 kwa kila mtu kwa siku. Kwa watu sita hizo ni lita 180. Mbona wewe unatoa 66? Au huko Tanzania hamwogi? 😂

Fundi_Uyole:
Tunaoga jirani, ila kwa ndoo 😂

Hiyo 30 ni hesabu nzuri, ila ni ya siku nzima na imejumuisha vyombo, kufua na kunawa. Tena ni ya sola, ambayo inapasha mchana mara moja na lazima ibebe mahitaji ya siku nzima kwa mkupuo. Tangi la umeme linajaza pengo lenyewe kila saa, ndiyo maana 80 inaweza kufanya kazi ambayo sola itahitaji 200. Watu wanachanganya haya mawili. Anasikia jirani kafunga sola ya 200, naye anakwenda kuagiza tangi la umeme la 200.

Kwa anayefunga sola, hapo nakubaliana na jedwali lenu: 30 kwa kichwa, kisha panda hadi saizi inayofuata dukani. Sita ni 180, chukua 200. Wanne ni 120, chukua 150.

Mgosi_wa_Lushoto:
Sola mnaisifia nyie wa Mbeya kwa sababu kiangazi chenu jua linawaka hata kama kuna baridi. Sisi Usambara ukungu unaweza kukaa siku kadhaa. Baba mdogo amefunga ya tyubu, zile za mirija ya vioo, siku za ukungu anaoga maji ya kisima kama zamani.

Fundi_Uyole:
Mgosi umesema kweli, na hata Njombe wana ukungu wao. Sisi huku bahati yetu ni kwamba baridi kali inakuja wakati wa kiangazi, Juni na Julai, mvua zikiwa zimekwisha. Taabu inakuja Januari hadi Machi, mawingu na mvua, ila wakati huo maji yenyewe hayana baridi kali.

Kwa Lushoto nunua sola yenye tundu la elementi ya akiba, wati 1,500, na swichi yake iwe ndani ya nyumba unapopita kila siku. Baba mdogo amwite fundi aangalie, tangi nyingi za tyubu zina hilo tundu limezibwa tu. Asikimbilie kuongeza ukubwa wa tangi. Kwenye ukungu tangi kubwa la sola ni maji mengi zaidi ya vuguvugu.

Bwana_Gesi:
Wakuu vipi zile za gesi? Nimeona bei yake nzuri, na inasemekana zinatoa maji mengi bila kuhangaika na volti.

Fundi_Uyole:
Maji zinatoa, hilo ni kweli. Hata ndogo yake ina nguvu kuliko ya umeme ya 5.5. Ila sifungi ndani ya bafu, na usikubali fundi yeyote akufungie ndani ya bafu, hata akikuambia dirisha lipo. Moto wa gesi ukikosa hewa ya kutosha unatoa monoksidi ya kaboni. Haina harufu, haina rangi, mtu anahisi usingizi akiwa anaoga na haamki. Ikae nje ukutani chini ya paa, au kibarazani penye hewa, bomba la maji ya moto ndilo liingie ndani. Kama hilo haliwezekani kwako, achana nayo.

Kijana_Forest:
Fundi, nimepanga chumba na sebule, bafu ndani, Mbeya mjini. Niko peke yangu. Nimeona ya lita 15 na ya lita 30. Bomba la mvua ninalipenda, siwezi kuacha.

Fundi_Uyole:
Ya 15 ni ya sinki la jikoni. Asilimia 80 yake ni lita 12, ukichanganya kwa baridi yetu unapata lita 22, dakika tatu za bomba la mvua. Chukua 30. Itakupa lita 44 za kuoga, dakika sita na kidogo, na elementi ya 1,500 inairudisha ndani ya saa moja. Mgeni akija muoge kwa kupokezana.

Muulize mwenye nyumba kwanza kuhusu waya. Hita ya tangi ya 1,500 inavuta ampea 6.5, waya wa milimita za mraba 2.5 wenye breka yake ya ampea 16 unatosha. Usiruhusu mtu aiunganishe kwenye waya wa taa. Zile za 5.5 ndizo hatari zaidi, ampea 24, zinataka waya wa 4 au 6 unaotoka moja kwa moja kwenye bodi na breka ya 32. Nimekuta nyumba ya kupanga hita hiyo imefungwa kwenye waya wa 1.5, plastiki imeyeyuka ndani ya ukuta na bado wanaoga.

Kijana_Forest:
Nimeelewa mkuu, 30. Ubarikiwe.

Mwana_Dodoma:
Swali nje kidogo ya saizi. Huku maji ni ya chumvi. La kwangu la 50 siku hizi linachukua muda mrefu sana kupata moto na linapiga kelele kama linakaanga. Nibadilishe niweke la 80?

Fundi_Uyole:
Usibadilishe, lisafishe. Hiyo kelele ni gamba la chokaa juu ya elementi, maji yanachemka chini ya gamba. Zima umeme kwenye bodi, mwaga maji yote, fungua sahani ya chini, toa elementi, kwangua au iloweke kwenye siki usiku kucha. Toa na tope lililolala chini ya tangi, utashangaa limeshakula nafasi ya lita kadhaa. Wakati uko humo angalia fimbo ya magnesi. Hiyo inawekwa iliwe na maji badala ya tangi, ikibaki waya mtupu nunua nyingine. Kwa maji yenu kagua kila mwaka. Ukiweka la 80 bila hayo, miaka miwili mbele utakuja kuuliza la 100.

MamaWatatu_Njombe:
Fundi tumekaa tukapiga hesabu, tumekubaliana 80 ila watoto ndoo, bomba la mvua Jumapili tu. Mume wangu anauliza lifungwe wapi, kuna ukuta wa tofali za kuchoma bafuni na ukuta wa jipsamu upande wa korido.

Fundi_Uyole:
Jipsamu hapana kabisa. Maji peke yake kilo 80, tangi tupu lina kilo 20 na zaidi, jumla imevuka kilo 100. Tofali za kuchoma ndiyo sawa, na bolti ziingie kwenye tofali zenyewe, zisiangukie kwenye udongo wa kuunganishia. Nati za kupanuka za milimita 10 au 12, zile zinazokuja kwenye boksi mara nyingi ni nyembamba.

Na ile valvu ya usalama inayokuja na tangi, mwambie fundi aiwekee kimpira cha kupeleka matone kwenye shimo la maji. Lita 80 zikipashwa hadi 60 zinatanuka zaidi ya lita moja, lazima pawe pa kutokea. Ikidondosha wakati wa kupasha, iko kazini. Kuna mafundi wanaiziba kwa sababu inalowesha sakafu. Akigusa tu kuiziba, mlipe nauli yake aende.